Majani Kwenye Lami

Kifua cha mtoto kilianza kupiga mluzi kabla jogoo wa jirani hajawika. Ulikuwa mluzi mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili, ila nyumba yao haikuwa na chumba cha pili. Herieth alifumbua macho gizani akasikiliza. Pumzi, kimya, pumzi, kimya. Vile vipindi vya kimya vilikuwa bado virefu. Bado si wa kukimbiza hospitali. Akanyoosha mkono juu ya ndoo ya maji, akapapasa kopo la dawa ya kuvuta, akalitikisa karibu na sikio. Lilikuwa jepesi kama ganda la yai.

"Klemi. Kaa, mama. Fungua mdomo. Haya, vuta."

Klementina alivuta, akakohoa, akavuta tena. Alikuwa na miaka sita na alijua kazi ya dawa ile kuliko wauguzi wengine.

"Imebaki?" akauliza.

"Imebaki."

Uongo wa asubuhi si uongo, ni kifungua kinywa. Herieth akawasha taa, akamvalisha sweta mbili na soksi za shule, maana baridi ya Julai juu ya Ufipa haibishi hodi, inaingia tu na kukaa. Akampikia uji wa ulezi. Kwenye zahanati wiki iliyopita walimjibu lile jibu lao la kila siku: dawa hakuna, kanunue nje. Nje, duka la dawa lilikuwa limepandisha bei mara mbili tangu Pasaka, na muuzaji akasema bila kumwangalia, "Mwenye bima huwa hatuulizi bei, dada. Ni wewe tu unayeuliza."

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya bima. Miezi mitatu ya majaribio kazini inaisha leo. Jioni, kama mambo yataenda sawa, Herieth atapewa barua ya ajira ya kudumu, na kwenye barua hiyo kuna mstari wa mtegemezi, na kwenye mstari huo litaandikwa jina la Klementina. Hakuwa akitaka kingine duniani. Hata mshahara aliufikiria baadaye.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa.

Alikuwa amesoma jioni, miaka miwili, darasa la watu wazima nyuma ya kanisa, mtoto akiwa amelala mgongoni. Cheti kikamfikisha chuo cha udereva, na leseni ikamfikisha kwenye kampuni iliyotoka Dar es Salaam na basi dogo jeupe lisiloendeshwa na mtu. Juu ya paa basi lilikuwa na kitu kama sufuria kinachozunguka. Usukani ulikuwepo, lakini ulizunguka wenyewe, na kumtazama mtu aliyekaa nyuma ya usukani unaozunguka wenyewe kulisisimua mwili. Herieth alikaa pale mikono mapajani. Akigusa breki, mashine inaandika: *ameingilia*. Mwezi wa kwanza aliingilia mara kumi na moja. Mwezi wa tatu, mara mbili. Leo, mbele ya wageni na wananchi, isiwe hata mara moja. Meneja, Alphonce, alimwambia hivyo jana, kwa upole, akimshika bega.

"Na mtoto usimsahau, dada Herieth. Bila mtoto hakuna onyesho."

Habari ya mtoto ilianza kwa mzaha. Kabla basi halijaja, vijana wa kampuni walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wakiuliza watu: je, ungekubali kupanda gari lisilo na dereva? Ndiyo kabisa, ndiyo kidogo, sijui, hapana? Mama mmoja wa Mollo akasema atapanda likishabeba viazi vyake kwanza, viazi vikifika salama, naye atafuata. Masanja, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akauliza kama gari hilo linasikia ukilipigia mluzi. Wengine walicheka tu: "Miaka yote mnatusema watu wa Sumbawanga tunasafiri kwa ungo wa kichawi. Leo ninyi ndio mnatuletea ungo wenye matairi!" Na mzee Urbano, aliyeendesha malori ya mahindi miaka thelathini kabla mgongo haujamgomea, akasema kwa dharau, "Nitapanda siku huyo mtakayemkalisha kitini atakapompandisha mwanawe wa kumzaa."

Watu wakaangua kicheko. Kijana wa kishikwambi hakucheka, aliandika. Na kule Dar nako hawakucheka. Waliandika kwenye ripoti kwamba imani ya wananchi itapanda iwapo msimamizi atakuwa mama na ataambatana na mtoto wake. Ndiyo maana waliajiri mama. Herieth aliyajua haya baadaye, akiwa amekwishasaini.

*

Uwanja wa mnada ulikuwa umejaa kufikia saa tatu. Vicent, mtendaji, alikuwa amepita na kipaza sauti tangu juzi, akisema kuhudhuria ni hiari ila majina ya wasiohudhuria yatajulikana. Alivaa suti ya kahawia na soksi nyeupe.

"Ndugu wananchi! Nani wa kwanza kupanda maendeleo?"

Mbwa akapita katikati.

"Panda wewe, mtendaji!" sauti ikatoka nyuma.

"Mimi nasimamia usalama."

"Usalama wako au wetu?"

Kicheko kikazagaa. Alphonce akamkonyeza Herieth. Herieth akamshika Klementina mkono, akapita naye mbele ya watu wote, akampandisha kiti cha mbele kando yake na kumfunga mkanda. Mlango ulikuwa wazi, akasikia wanawake wanavyonong'ona.

"Kampandisha kweli."

"Wa kumzaa?"

"Mimi namjua, ni Mama Klemi wa Milanzi. Ni wake huyo, ana pumu."

"Ee Mungu. Shida hizi."

Wakaanza kupanda mmoja mmoja: wanawake wawili wa sokoni, bibi Lucia na kikapu chake cha ulezi, Masanja na fimbo yake, vijana wanne waliokuja na simu za kurekodi. Wa mwisho alikuwa mzee Urbano. Alipofika usawa wa Herieth akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama Klementina, kisha akatazama mikono ya Herieth ilivyolala mapajani kama mikono ya mgonjwa. "Nilisema kwa utani, unajua?"

"Najua, babu."

"Basi nimepatikana." Akaenda kukaa nyuma.

Nyuma kabisa walikaa Alphonce na fundi wa mitambo, Shedrack, kijana mwembamba mwenye kompyuta mapajani. Vicent alibaki uwanjani kusimamia usalama. Basi likanguruma kidogo, likaondoka lenyewe kuelekea barabara ya Mwimbi.

Mwanzo lilipendeza. Hata Herieth, aliyelizoea, alilionea fahari. Lilipunguza mwendo kwenye matuta, likampisha mwanamke wa baiskeli, likawasha taa ya kona bila kukumbushwa. Baada ya mashamba ya ngano ng'ombe arobaini wakatapakaa barabarani, basi likasimama taratibu, likasubiri. Masanja akainuka kwenye kiti.

"Hee! Limewaona!"

"Hata yule ndama?"

"Hata ndama! Madereva wenu wale wangempigia honi mpaka mama yake aharibu mimba. Hili lina adabu." Akageuka. "Mzee Urbano, wewe umeniulia ng'ombe wangapi?"

"Wawili, na mmoja tulimla pamoja."

Basi zima likacheka. Bibi Lucia akafungua kikapu akagawa karanga, na kijana mmoja akasema kwenye simu yake, "Washikaji, niko ndani ya gari halina dereva, na ni poa kinoma!" Herieth akamwona Alphonce kwenye kioo, anatabasamu. Akafikiria ule mstari wa mtegemezi. Klementina alikuwa anatafuna karanga, anahema vizuri.

Wakaanza kuteremka mteremko mrefu, kona mbele, msitu wa mikaratusi pande zote mbili. Katikati ya lami kulikuwa na tawi bichi.

Herieth aliliona. Hatua ishirini mbele yake, tawi jingine. Kisha jingine.

Kila aliyekulia kando ya barabara ile anajua. Lori likiharibika, utingo anaruka na panga, anakata matawi mabichi na kuyapanga barabarani kuanzia mbali, moja, nafasi, jingine, nafasi, mpaka kwenye lori lenyewe. Hayana maandishi, lakini hata asiyejua kusoma huyasoma. Ukiyaona unakanyaga breki kwanza, unauliza baadaye.

Basi likapita juu ya tawi la kwanza. *Krr.* Halikupunguza kitu.

"Mwanangu," sauti ya mzee Urbano ikatoka nyuma.

Likapita juu ya la pili. Herieth aliangalia usukani, umetulia kimya. Labda limeona. Limewaona ng'ombe, limemwona ndama, labda limeona na huko mbele, lina macho juu ya paa, mimi nina yangu mawili tu. Barua iko kwenye bahasha ofisini. *Isiwe hata mara moja, dada Herieth.* La tatu.

"Mwanangu, majani!"

"Mama," Klementina akasema, "majani."

Mguu wa Herieth ukashuka wenyewe. Akaukandamiza mpaka kiuno kikanyanyuka kitini. Basi likapiga yowe, mkia ukayumba, wakaingia kona wakiwa upande upande, na pale, katikati ya lami, lilikuwepo lori la mahindi limeinamia jeki, na chini yake miguu minne ya watu imechomoza, bado na kandambili.

Wakasimama. Kati ya pua ya basi na zile kandambili mtu angeweza kutandika mkeka mmoja.

Miguu ikaanza kujivuta ndani kama ya kobe.

Bibi Lucia akaanza kulia; meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamebaki kwenye chuma cha kiti, na ulezi umemwagika basi zima. Klementina alikuwa ameshikiliwa na mkanda, mzima, ila kifua kimeanza. Herieth akatoa kopo, akampulizia. Likatoa hewa tupu. Akampulizia tena.

"Hema polepole, mama. Kama mimi. Niangalie."

*

Walikaa pale muda mrefu. Yule utingo aliyetoka chini ya lori alizunguka basi mara mbili akitafuta dereva wa kumpiga, akaona mwanamke na mtoto, akakaa chini kando ya barabara.

Shedrack alikuwa bado amefunua kompyuta yake. Herieth alipopita nyuma kumtafutia bibi Lucia maji, aliona kioo chake. Picha ya barabara ilikuwa imesimama pale walipoingia kona. Yale matawi yalizungushiwa viboksi vya kijani, na juu ya kila kimoja maneno madogo: *uchafu mwepesi, endelea*. Lori halikuwa limezungushiwa chochote. Shedrack aliinua macho, akamwona anasoma. Akaifunga kompyuta polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye maiti.

"Kaka Shedrack."

"Dada, mimi ni fundi tu," akasema. Hakusema zaidi, si pale, si baadaye.

Abiria walikuwa wameshaanza kubishana nje. Viti vya nyuma havikuona mguu wa Herieth. Waliona basi likisimama.

"Limesimama lenyewe, nawaambia! Kama kwa ng'ombe!" Masanja alikuwa akipiga fimbo chini. "Dereva wa kawaida angewasaga wale."

"Ni binti aliyekanyaga," alisema mzee Urbano. "Gari lilikanyaga majani matatu. Matatu! Ninyi mmezaliwa wapi, hamjui majani?"

"Mzee, wewe una wivu. Kazi yenu imekufa, mnataka kila mtu afe nayo."

"Muulizeni mwenyewe."

Wakageuka wote. Herieth alikuwa amembeba Klementina begani. Kabla hajafungua mdomo, Alphonce alikuwa ameshamshika kiwiko, anampeleka pembeni. "Dada Herieth ameshtuka, jamani, mwacheni apumzike. Tutaongea ofisini."

*

Ofisini kulikuwa na hita ya umeme na chai ya maziwa. Alphonce alimtuma mtu duka la dawa bila hata kuombwa. Likaja kopo jipya, zito, kwenye boksi lake. Klementina akavuta mara mbili, uso ukachangamka. Herieth akataka kumshukuru, akajikuta analia.

"Pole sana," Alphonce akasema. Alimaanisha. Hilo ndilo Herieth alilolikumbuka baadaye, kwamba alimaanisha. Kisha akaweka karatasi mbili mezani.

Ya kwanza ilikuwa barua ya ajira. Mtegemezi: Klementina. Walikuwa wamelipiga chapa vizuri, herufi zote zipo.

Ya pili ilikuwa na mistari minne. *Mimi, msimamizi wa kiti, nathibitisha kuwa sikuingilia mfumo. Gari lilitambua hatari na kusimama lenyewe.*

"Lakini nilikanyaga, bosi. Mashine si imeandika?"

"Mashine inaandika mambo mengi. Shedrack atalishughulikia." Akasogeza kalamu. "Sikiliza. Ukisema umekanyaga, maana yake majaribio yameshindwa, kampuni inarudi Dar, na barua hii haina ofisi ya kuipokea. Wewe hupati kitu, na waliofurahi leo wanarudi kuogopa. Umewaona walivyofurahi?"

"Nimewaona."

"Jumatatu gari litaanza safari bila mtu kitini. Wewe utakuwa hapa ofisini, kwenye joto. Si vizuri kwa mtoto?"

Herieth akainua kichwa. "Bila mtu? Na majani?"

Alphonce akamtazama Vicent, aliyekuwa anakunywa chai dirishani.

"Hilo dogo," Vicent akasema. "Kesho natoa tangazo. Ni marufuku kuweka matawi barabarani. Ni uchafuzi wa mazingira. Atakayekamatwa, faini."

"Lakini wakiharibikiwa wataweka nini?"

"Wanunue zile pembetatu za kung'aa. Sheria ipo, dada, ni ninyi tu hamuifuati."

Hakuna utingo wa Ufipa mwenye pembetatu. Herieth alijua, na Vicent alijua. Alifikiria zile kandambili. Alifikiria Jumatatu, mteremko uleule, kiti kitupu, matawi yanavunjika chini ya tairi moja baada ya jingine bila mtu wa kusema *majani*. Alifikiria kwa bidii kabisa, kama alivyofundishwa darasani jioni, kupima upande huu na upande ule. Klementina alikuwa amelala kwenye kochi mdomo wazi. Kifua kimya. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi mzima kumsikia amelala bila mluzi.

Akasaini zote mbili.

"Bado kitu kidogo tu," Alphonce akasema.

Uani walikuwa wamesimika kamera. Habari ilikuwa imeshatangulia, watu wamejaa mpaka kwenye ukuta, wanataka kuligusa basi. Wale waliogoma asubuhi kupanda ungo, sasa walikuwa wanapanga foleni. Bibi Lucia naye alikuwepo, kitambaa mdomoni, akisema kwa shida kwamba meno ni meno tu, uhai ndio muhimu, na Mungu ambariki aliyetengeneza gari lile. Mzee Urbano alisimama peke yake kando ya lango. Vijana walikuwa wamechoka kumzomea, sasa walimcheka tu.

"Babu, nenda kasimamishe mkokoteni!"

Herieth alipotoka, mzee alisogea.

"Mwanangu. Waambie, basi. Neno moja. Mimi hawanisikii, lakini wewe ulikuwepo."

Herieth alitazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na ulezi umegandia kwenye ukingo.

"Shikamoo, babu," akasema.

Mzee Urbano hakuitikia. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri chenji ambayo anajua haipo, kisha akavaa kofia yake akatoka langoni. Huko nje akasikika akimwambia mtu ampishe apite.

Alphonce alikuwa amechuchumaa mbele ya Klementina, amempa juisi. "Utafiti wetu unaonyesha watu wanamwamini mtoto," alikuwa anamwambia yule wa kamera. Akamgeukia mtoto. "Haya, Klemi. Tuambie, nini kilitokea leo barabarani?"

"Mama alikanyaga..."

"Tunarudia." Hakukasirika. Alisimama, akapangusa magoti, akamwangalia Herieth tu.

Herieth akaenda, akapiga magoti kwenye changarawe, akamfunga mtoto kifungo cha juu cha sweta. Kifungo kilikataa mara mbili. Klementina alinukia juisi na dawa.

"Mama, sijasema uongo," mtoto akanong'ona.

"Najua, mama."

"Umekasirika?"

"Hapana." Akamsogezea mdomo sikioni, akamwambia maneno matatu. Klementina akarudisha kichwa nyuma amtazame usoni, aone kama ni mchezo. Herieth akatabasamu, kwa sababu kamera ilikuwa inawaka, na kwa sababu mtoto huamini tabasamu. Akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akatoka kwenye picha.

Klementina akashika juisi yake kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu, safi, mpaka chini kabisa ya kifua, akasema kwa sauti ya darasani, wote wakasikia:

"Gari lilisimama lenyewe."